Ghetto Brothers: Santuri ya Bronx Iliyokaa Kimya Miaka Arobaini

Mwaka 1972 kampuni ndogo ya kurekodi jijini New York, Salsa Records, ilitoa santuri yenye nyimbo nane. Jina lake lilikuwa Power-Fuerza, na bendi iliyoipiga iliitwa Ghetto Brothers. Wapigaji walikuwa vijana wa Kipuerto Rico wa Bronx Kusini, wengi wao wakiwa bado hawajafika umri wa miaka ishirini na mitano. Nje ya mitaa yao hakuna aliyeisikia. Redio kubwa hazikuipiga, magazeti ya muziki hayakuiandika, na baada ya miaka michache hata duka lililokuwa likiiuza halikuwa nayo tena. Ilipotolewa upya mwaka 2012, watu waliokuwa wamesoma kila kitabu kuhusu muziki wa Kilatini wa New York waligundua kwamba kulikuwa na ukurasa mzima walioruka.

Kisa cha santuri hii hakiwezi kutenganishwa na kisa cha genge. Ghetto Brothers lilikuwa jina la bendi, na lilikuwa pia jina la mojawapo ya magenge makubwa ya vijana ya Bronx. Nyimbo zile za mapenzi na za kucheza zilitoka kwa watu walewale waliovaa jaketi zenye nembo ya genge mgongoni. Na watu haohao ndio waliofanya jambo ambalo polisi, serikali ya jiji na makanisa yalikuwa yameshindwa kulifanya.

Kutoka kisiwani hadi Bronx

Puerto Rico iliingia mikononi mwa Marekani mwaka 1898, baada ya vita kati ya Marekani na Hispania. Mwaka 1917 Wapuerto Rico walipewa uraia wa Marekani, hivyo kuhamia New York hakukuhitaji pasipoti wala kibali. Hata hivyo, wimbi kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya kisiwa ilikuwa inaondoa watu kwenye mashamba ya miwa na kuvutia viwanda, lakini viwanda havikuweza kuajiri wote waliokosa kazi mashambani. Tiketi za ndege zikawa za bei nafuu. Katika miaka ya 1950 mamia ya maelfu ya watu walihamia bara, wengi wao New York.

Benjamin Melendez, ambaye kila mtu alimwita Benjy, alizaliwa San Juan mwaka 1952 na akaletwa New York akiwa mtoto mchanga. Familia yake iliishi kwanza Manhattan. Kama familia nyingi za Kipuerto Rico, ililazimika kuhama nyumba zilipobomolewa kupisha ujenzi mpya, ikaishia Bronx.

Bronx yenyewe ilikuwa tayari imepasuliwa. Tangu 1948, mpangaji mkuu wa ujenzi wa jiji, Robert Moses, alikuwa akipitisha barabara kuu ya Cross Bronx katikati ya mitaa yenye watu wengi. Kwenye kipande cha maili moja tu cha East Tremont, zaidi ya kaya 1,500 ziliondolewa. Waliokuwa na uwezo walikwenda vitongojini, wakabaki wasio na pa kwenda. Benki zikakataa kukopesha mitaa ile, wenye nyumba wakaacha kuzikarabati, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 baadhi yao waliona faida kubwa zaidi katika kulipwa bima ya nyumba iliyoungua kuliko katika kodi ya mpangaji. Majengo yakaanza kuungua, moja baada ya jingine, kwa miaka. Anayetaka kuelewa kwa nini kijana wa miaka kumi na minne alijiunga na genge aanze hapo, kwenye moshi na vifusi, kabla hajafika kwenye visu.

Bugalu, muziki wa lugha mbili

Wazazi wa vijana hawa walicheza mtindo wa mambo. Mfalme wake alikuwa Tito Puente, na nyumba yake ilikuwa ukumbi wa Palladium kwenye mtaa wa Broadway. Palladium ulifungwa mwaka 1966, na mwaka huohuo Joe Cuba na kundi lake wakatoa "Bang Bang", wimbo uliochanganya piano ya Kikuba, makofi na kelele za ukumbini, na kuuza nakala nyingi sana. Mtindo huo uliitwa bugalu. Ulikuwa muziki wa watoto waliozaliwa au kukulia New York, waliosema Kihispania na mama jikoni na Kiingereza barabarani, na ambao majirani zao Weusi walikuwa wakisikiliza James Brown ukutani kwa ukutani.

Bugalu ilizaa sauti nyingine tulivu zaidi, ambayo watu waliiita soul ya Kilatini. Joe Bataan, kijana wa East Harlem mwenye baba Mfilipino na mama Mmarekani Mweusi, alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1967 kwa kampuni ya Fania. Aliimba kwa Kiingereza, taratibu, kuhusu mapenzi na jela na mitaa, huku tumba zikitembea chini yake.

Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi hapa kwetu hatahitaji kufundishwa kusikiliza haya. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, zilizotolewa na HMV kuanzia mwaka 1933, zilifika Kongo na Afrika Mashariki na kuwapa wapigaji wetu tumba, maraka na ule mpigo wa vijiti viwili vya mbao ambao bado unaongoza rumba. Mti mmoja ulitoa tawi New York na tawi Leopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1974 matawi hayo yalikutana ana kwa ana, Fania All Stars walipopiga Kinshasa wiki chache kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na uwanja ukacheza bila kuuliza maana ya maneno.

Lakini bugalu haikuishi muda mrefu. Viongozi wa bendi wa zamani waliidharau, waandaaji wa dansi walichoka na vijana waliodai malipo, na kampuni za kurekodi zikaona soko jipya. Mwaka 1971, Agosti, Fania ilikusanya nyota wake kwenye ukumbi wa Cheetah na kuwarekodi. Kuanzia hapo muziki wa Kilatini wa New York ulikuwa salsa, nao ulikuwa kwa Kihispania, wenye tarumbeta nyingi na wapigaji waliobobea. Kundi la vijana wenye magitaa, wanaoimba kwa Kiingereza cha Bronx, lilikuwa limechelewa kwenye tarehe za soko. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ukimya uliofuata.

Genge lenye magitaa

Benjy na ndugu zake Victor na Robert walianza muziki wakiwa watoto, wakiwaabudu The Beatles. Walijiita Los Junior Beatles na kujifunza kuimba kwa sauti tatu zinazoshikana, jambo ambalo lingebaki kuwa alama yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanzisha Ghetto Brothers, na baada ya muda mfupi likawa genge kubwa lenye matawi. Carlos Suarez, aliyejulikana kama Karate Charlie, alikuwa rais wake. Benjy alikuwa mwanzilishi na sauti iliyosikilizwa kuliko zote.

Nisingependa kulipamba. Lilikuwa genge. Lilipigana, liliogopwa, na lilijua kulipiza. Lakini lilikuwa pia katika mkondo wa siasa uliokuwa ukipita mitaani wakati ule. Mwaka 1970 Young Lords, chama cha vijana wa Kipuerto Rico, waliteka hospitali ya Lincoln ya Bronx Kusini kudai matibabu yanayostahili binadamu. Benjy alivutiwa na harakati za uhuru wa Puerto Rico, na Ghetto Brothers wakaanza kusafisha mitaa, kulisha watoto na kuwafukuza wauzaji wa heroini, dawa iliyokuwa ikiwamaliza vijana kuliko visu.

Ijumaa jioni walipiga muziki. Walitoa vifaa nje, wakavuta umeme kwenye nguzo ya taa ya barabarani, na mtaa mzima ukacheza. Mpangilio huo, wa amplifaya juu ya lami na umeme wa nguzo, utatokea tena baadaye katika kisa hiki.

Desemba 1971

Kufikia mwaka 1971 Bronx Kusini ilikuwa imegawanywa vipande. Kijana aliyevaa nembo yake akivuka mtaa usio wake alikuwa anahatarisha uhai. Ghetto Brothers walijaribu kupunguza moto huo kwa kumteua mwenzao, Cornell Benjamin, aliyeitwa Black Benjie, kuwa balozi wa amani wa genge. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mkubwa kidogo kuliko wengi wao.

Tarehe 2 Desemba 1971 zilifika habari kwamba makundi kadhaa yalikuwa yanaingia katika eneo lao kwa shari. Black Benjie alikwenda kuzungumza nao. Alipigwa mpaka akafa.

Usiku ule Bronx nzima ilisubiri vita. Kwa sheria zote za mtaani Ghetto Brothers walikuwa na haki ya kulipiza, tena walikuwa na watu wa kutosha. Magenge rafiki yalikuja kujitolea. Suarez alitaka damu, na ni vigumu kumlaumu, maana aliyeuawa alikuwa ndugu. Benjy alikwenda kwa mama wa marehemu. Mama yule aliwakumbusha kwamba mwanawe alikufa akitafuta amani, na hakutaka watoto wa wanawake wengine wafe kwa jina lake.

Benjy akarudi na kutamka kwamba hakutakuwa na kisasi.

Sijui uamuzi mwingine katika historia ya muziki wa New York uliokuwa na uzito kama huu. Kijana wa miaka kumi na tisa, mbele ya mamia ya wenzake wenye silaha na wenye uchungu, anakataa kuanzisha vita ambavyo kila mtu aliviona ni halali. Kama angetamka neno jingine usiku ule, mengi tunayoyaita utamaduni wa Bronx yasingepata mahali pa kuzaliwa.

Tarehe 8 Desemba viongozi wa magenge walikutana katika klabu ya vijana ya mtaa wa Hoe Avenue. Walikaa kwenye viti ndani ya ukumbi wa michezo, wanachama wao wamejaa pande zote, waandishi wa habari na walimu wakishuhudia, na polisi wakiwa tayari nje. Watu walisema maneno makali. Wengine walitaka kujua nani alimuua Black Benjie, wengine walilalamikia nyumba mbovu na ukosefu wa kazi. Katika kikao cha pili, cha viongozi peke yao, makubaliano yakatimia: ugomvi uzungumzwe kwanza na marais wa magenge kabla ya mtu kuinua mkono, na kijana aweze kupita mtaa wa wengine akiwa na nembo yake.

Makubaliano hayo hayakumaliza vurugu zote. Hata hivyo, yalifungua barabara. Na tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, magharibi mwa Bronx, DJ Kool Herc alipiga santuri kwenye sherehe ya dada yake, siku ambayo dunia inaihesabu kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa hip hop. Muda si mrefu vijana wakaanza kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kumsikiliza DJ aliyetoa amplifaya nje na kuvuta umeme kwenye nguzo. Afrika Bambaataa, aliyelelewa ndani ya genge la Black Spades, aliligeuza jeshi la mtaani kuwa kundi la muziki na dansi. Vijana wangevukaje mipaka kwenda kwenye sherehe hizo kama mipaka ingebaki na kisu kila kona?

Nyimbo nane

Mwaka huohuo wa 1971 Ghetto Brothers waliingia studio. Aliyewaongoza alikuwa Bobby Marin, mtunzi na mtayarishaji aliyeijua bugalu tangu mwanzo wake. Mwenye Salsa Records, Ismael Maisonave, alikuwa pia na duka la santuri Bronx, hivyo kwa maana halisi santuri hii ilikuwa bidhaa ya nyumbani. Walirekodi zote nane kwa siku moja.

Haraka hiyo inasikika, na mimi naipenda. Hakuna tarumbeta. Kuna magitaa yanayokwaruza, besi, dramu, tumba, na sauti za vijana zikiitikiana kana kwamba wamesimama barazani. "Girl from the Mountain" inaanza santuri kwa utamu wa nyimbo za The Beatles, kisha tumba zinaingia na unajua uko mji mwingine. "There Is Something in My Heart" na "I Saw a Tear" ni nyimbo za kijana anayeteseka kwa mapenzi, hazina hata tone la ubabe. "Got This Happy Feeling" ni fanki ya kuchezwa, gitaa la rithimu likikata bila kupumzika na kiitikio kikirudi mpaka msikilizaji asalimu amri. "Viva Puerto Rico Libre" inasema siasa yao waziwazi. Na "Ghetto Brothers Power" ndiyo chemko la santuri nzima, wimbo unaomwita aliyesimama pembeni aingie uwanjani.

Wapo wanaosema santuri hii ni muhimu kwa sababu ya historia yake tu. Sikubaliani nao. Kuna mahali sauti zinayumba na mahali dramu zinakimbia mbele, lakini mchanganyiko wenyewe haukuwahi kufanywa hivyo na mtu mwingine. Fania walikuwa na wapigaji bora mara kumi, na hawakuwa na kitu kama hiki. Gitaa la roki, uimbaji wa soul na tumba za Karibi vimekaa pamoja bila kuombana radhi, kwa sababu ndivyo vilivyokaa ndani ya masikio ya vijana wale.

Miaka ya ukimya

Santuri ilitoka mwaka 1972 na kuuzwa karibu na ilikotengenezwa. Kampuni haikuwa na fedha za matangazo wala njia ya kusambaza nje ya New York. Redio za Kihispania zilitaka salsa, na redio za soul hazikuwa na habari na Wapuerto Rico. Bendi haikurekodi santuri nyingine.

Genge nalo likadhoofika. Siasa ziliwagawa, heroini iliwapunguza, na Benjy mwenyewe alijitenga katikati ya miaka ya 1970 ili alee familia na kufanya kazi ya kuwashauri vijana. Katika miaka hiyo alithibitisha jambo alilolihisi tangu utotoni: familia yake ilitokana na Wayahudi wa Hispania waliolazimishwa kuficha dini yao, na wazazi wake walikuwa wakishika baadhi ya desturi hizo mapazia yakiwa yamefungwa. Akajiunga na sinagogi dogo lililokuwa bado limesimama katikati ya vifusi vya Bronx Kusini.

Mwaka 1977, Oktoba, Rais Jimmy Carter alikwenda kusimama kwenye magofu ya Charlotte Street, na picha hizo zikazunguka dunia. Mwaka 1979 ikaja filamu ya The Warriors, iliyoonyesha magenge ya New York kama jeshi la vichaa. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya mwaka 1965, iliyoandikwa kabla ya mkutano wa Hoe Avenue, lakini mtazamaji anayejua historia hawezi kuangalia kikao chake kikuu cha magenge bila kukumbuka kile cha kweli. Tofauti ni kwamba katika filamu kikao kinavunjwa kwa risasi. Mamilioni waliuona mkutano huo wa kubuni. Ule uliofanikiwa ulibaki kwa waliokuwepo.

Kurudi

Waliorudisha kumbukumbu kwanza hawakuwa watu wa muziki. Rita Fecher, mwalimu wa Bronx aliyekuwa akiwapiga picha za filamu vijana wa magenge tangu enzi hizo, alishirikiana na Henry Chalfant kutoa filamu ya Flying Cut Sleeves mwaka 1993. Mwaka 2005 Jeff Chang, katika kitabu chake Can't Stop Won't Stop, aliuweka mkataba wa 1971 mahali pake katika chimbuko la hip hop. Wasomaji wa kitabu hicho waliotaka kusikia bendi hiyo hawakuwa na pa kuipata isipokuwa kwa wakusanyaji wa santuri, ambao walikuwa wameshaifanya kuwa kitu cha kunong'onezana na cha bei kubwa.

Mwaka 2012 Truth & Soul, kampuni ya Brooklyn iliyokuwa imepata sifa kwa kutayarisha santuri ya Good Things ya Aloe Blacc, iliitoa upya Power-Fuerza pamoja na kijitabu cha historia na picha. Safari hii iliandikwa na kusikilizwa. Wakosoaji walishangaa kwamba muziki wa aina hii ulikuwa umelala kwa miaka arobaini kilomita chache tu kutoka ofisi za kampuni kubwa za rekodi. Mwaka 2015 ikafuata filamu ya Rubble Kings ya Shan Nicholson, na kitabu cha katuni cha Julian Voloj na Claudia Ahlering kuhusu maisha ya Benjy.

Si kila ugunduzi wa aina hii ni wa heri. Santuri nyingi za zamani, zikiwemo za Afrika, zimetolewa upya Ulaya na Marekani wakati wapigaji wenyewe wanazeeka bila senti wala taarifa. Kilichonifurahisha katika kisa hiki ni kwamba Benjy alikuwa hai. Alihojiwa, alirekebisha makosa ya waandishi, alisimulia habari za Black Benjie kwa sauti yake, na alishika gitaa tena mbele ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa aliporekodi.

Benjy Melendez alifariki Mei 2017, akiwa na umri wa miaka 64. Santuri yake inapatikana leo kwa yeyote mwenye simu na intaneti. Ukiitafuta, anza na wimbo wa kwanza na usiruke hata mmoja mpaka wa nane. Ndivyo walivyozirekodi, zote kwa siku moja.